Takataka, Oda za Lanchi na Mto wa Dairekta: Kesi ya Maintani wa Black Swan

Wengi wanaoikumbuka hii kesi, ya maintani wa filamu ya Black Swan walioidai studio ya Fox Searchlight mshahara, wanakumbuka mto. Ule mto wa kulalia, wa watu wenye aleji, ambao intani mmoja asiyelipwa alitumwa akamnunulie dairekta Darren Aronofsky. Ni kweli upo, umo kwenye maandishi ya mahakama, ila naona umewapotosha watu kiasi fulani, maana ukishacheka kuhusu mto unabaki na picha kwamba ugomvi ulikuwa wa watu kudharauliwa na kutumwatumwa. Ugomvi ulikuwa wa hesabu bwana. Kazi ilikuwepo, ilikuwa lazima ifanyike, ikafanyika, na aliyeifanya akaondoka na sifuri. Huyo intani angetumwa mto kwa dola 7.25 kwa saa, ambayo ndio ilikuwa kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani kuanzia Julai 2009 (hata jimbo la New York lilikuwa hapohapo), leo tusingekuwa tunaongea.

Sasa wahusika. Alexander Footman alikuwa ameshamaliza digrii yake ya masomo ya filamu pale chuo kikuu cha Wesleyan. Eric Glatt yeye hakuwa kijana wa kutoka chuo juzi, alikuwa na MBA, alishafanya kazi kampuni ya bima ya AIG, yaani kazi ya ofisini ya kueleweka yenye mshahara, halafu akaamua kubadilisha maisha aingie kwenye filamu. Wote wawili wakaishia New York kwenye prodaksheni ya Black Swan kama maintani wa bure.

Footman alianza mwishoni mwa Septemba 2009, ofisi ya prodaksheni, siku tano kwa wiki, kama saa kumi kwa siku. Alichokuwa anafanya ni kuchukua fanicha za ofisi na kuzipanga, kutafutia waigizaji na wafanyakazi mahali pa kulala, kutoa takataka, kuandika oda za lanchi, kupokea simu, kutengeneza kahawa, kutoa kopi, kupeleka na kuchukua vitu kutoka seti na kwa kampuni inayoshughulikia mishahara (hiyo nimeiandika makusudi, huyu ambaye halipwi ndiye anakimbia kwenda ofisi ya mishahara ya wenzake), na mwisho wa filamu kubomoa ofisi na kuuza vilivyobaki. Humo humo kulikuwa na vitu vyenye ladha ya filamu kidogo, kama kuandaa zile karatasi za ratiba ya kila siku na kuweka alama kwenye skripti ili ikivuja ijulikane imetoka kwa nani. Novemba akapunguza akawa anakuja siku tatu. Unajua walifanya nini? Wakaleta intani mwingine, naye wa bure. Kwangu hapo kesi nzima imeshajieleza, maana kama kazi ilikuwa ya kumfundisha Footman, akipungua Footman na kazi inapungua. Haikupungua, ikatafutiwa mtu.

Glatt aliingia Desemba 2009 upande wa uhasibu, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa moja jioni. Alikuwa anakusanya nyaraka za mafaili ya wafanyakazi, anafuata cheki za mishahara ya wenzake, anafuatilia oda za manunuzi na kuzilinganisha na ankara, anakwenda seti kuwinda saini za mabosi. Ilipoisha hiyo mwishoni mwa Februari akahamia kwenye ofisi ya watu wanaomalizia filamu, katikati ya Machi mpaka Agosti 2010 hivi, siku mbili kwa wiki, kazi za kabati la mafaili, barua, kopi, kuhakikisha menyu za migahawa ya kuagizia chakula haziko za zamani. Na huko ndiko mto ulikotokea.

Filamu yenyewe ilitengenezwa kwa kama dola milioni 13, pesa ndogo kwa viwango vya Hollywood, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani kote, Natalie Portman akabeba Oscar mwaka 2011. Watu wanapenda kuweka hizo namba mbili pembeni ya mto na kusema ona walivyo wachoyo. Mimi siziwekei uzito sana, maana filamu ingedoda bado deni lingekuwa lilelile, kima cha chini hakisubiri uone kama biashara imelipa. Ila ile milioni 13 inaeleza kitu kingine, kwamba bajeti ilikuwa imebana, na bajeti ikibana kwenye filamu kuna watu huwezi kuwagusa. Wenye vyama vyao vya wafanyakazi wana mikataba na viwango vyao, huendi kumwambia mtu wa taa aje bure apate uzoefu. Ngazi ya chini kabisa inayolipwa ni yule msaidizi wa prodaksheni, wanamwita PA, na yeye mara nyingi hana chama cha kumtetea. Chini ya PA ndio unawekwa intani. Ukisoma orodha ya kazi za Footman tena taratibu utaona ni orodha ya kazi za PA, imebandikwa jina lingine tu.

Septemba 2011 Glatt na Footman wakaifungulia Fox Searchlight kesi mahakama ya serikali kuu New York. Baadaye akaongezeka Eden Antalik ambaye hakuwa kwenye filamu kabisa, alikuwa intani wa upande wa matangazo kwenye ofisi za Fox mwaka 2009, kazi yake kubwa ikiwa kukusanya kila siku filamu za kampuni zimetajwa wapi kwenye vyombo vya habari, pamoja na kupanga safari na kuandaa vyumba vya waandishi. Antalik ndiye aliyefanya kesi iwe ya kutisha, kwa sababu kupitia yeye waliomba iwe kesi ya kundi, yaani maintani wote wa ofisi za Fox waliopita kwa mtindo huo.

Fox walikuwa na utetezi wa aina mbili. Wa kwanza watu hawausemi sana ila kwa anayefanya kazi za filamu ni muhimu kuliko mto. Walisema hawa sio wetu. Kila filamu kubwa kule inafunguliwa kampuni yake ndogo, inayozaliwa kwa ajili ya filamu moja na kufa nayo, na ya Black Swan iliitwa Lake of Tears. Kwa hiyo kwenye makaratasi aliyekuchukua ni Lake of Tears, na ukija miaka miwili baadaye kudai unakuta ganda tupu. Jaji William Pauley hakukubali, akaangalia nani alikuwa ameshika bajeti, nani alikuwa na uwezo wa kuajiri na kufukuza, nani alikuwa anatumiwa ripoti za kila siku, akasema Fox Searchlight nao ni mwajiri. Kama hapo wangeshinda Fox, maneno mengine yote ya Glatt na Footman yasingekuwa na maana.

Utetezi wa pili ndio ule, kwamba hawa hawakuwa waajiriwa bali wanafunzi wa kazi. Na hapa inabidi turudi nyuma mpaka 1947. Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kuliko zote, iliamua kesi ya kampuni ya reli, Portland Terminal, iliyokuwa inawafundisha watu kazi ya breki za mabehewa kabla ya kuwaajiri, mafunzo ya kama siku saba au nane. Wanafunzi wale hawakuchukua nafasi ya mtu, walikuwa chini ya macho ya wenye kazi, na kusema ukweli walikuwa wanawachelewesha tu. Mahakama ikasema hao sio waajiriwa. Wizara ya Kazi ikachukua hiyo hukumu, na mwaka 2010 ikatoa karatasi ya masharti sita kwa kampuni za biashara zinazotaka intani wa bure: mafunzo yafanane na ya shule, faida iwe ya intani, asichukue nafasi ya mfanyakazi, mwajiri asipate faida ya papo kwa papo na pengine hata kazi yake ikwame kidogo, kusiwe na ahadi ya ajira, na wote wawe wanajua hakuna mshahara.

Weka siku nane za breki za treni pembeni ya miezi mitano ya Footman uone kama vinafanana.

Juni 2013 Pauley akaamua kwamba Glatt na Footman walikuwa waajiriwa. Kwamba kazi zilikuwa za chini haikumsumbua, alisema hata zikiwa za chini zilikuwa za lazima, wasingezifanya wao ingebidi aongezwe mtu au waliopo wakeshe zaidi. Halafu akagusa kitu ambacho mimi nakiona ndio moyo wa hukumu yake. Fox walisema hawa walifaidika, wamepata cha kuandika kwenye sivii, wamepata watu wa kuwatolea sifa, wamejua ofisi ya prodaksheni inaendaje. Jaji akasema hivyo vyote mtu anavipata kwenye kazi yoyote ile, ya kulipwa au ya bure. Mhasibu anayelipwa naye anaandika sivii, naye anapata koneksheni, na hakuna anayemkata mshahara kwa sababu hiyo.

Hapa lazima nisimame kwenye ile hoja inayorudi kila mara mada ikitajwa: "si alikubali mwenyewe?" Ndio alikubali. Glatt ni mtu mzima, msomi, alijua kabisa hakuna hela. Kwa akili ya mtaani makubaliano ni makubaliano. Lakini sheria ya kima cha chini haifanyi kazi hivyo, na sio bahati mbaya, imetengenezwa makusudi isifanye kazi hivyo. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ilikuwa na kesi ya taasisi ya kidini, Alamo Foundation, iliyokuwa na biashara zake na watu wake wakizifanyia kazi kwa chakula na malazi, tena watu wenyewe wakaja kusema sisi tunajitolea hatutaki mshahara. Mahakama ikasema hapana, sheria inawahusu, kwa sababu tukiruhusu mtu aseme "mimi nasamehe mshahara" basi kila mwajiri mwenye nguvu atahakikisha watu wake wanasema hivyohivyo. Na kwenye filamu hilo ni kweli mara kumi. Wanaotaka kuingia ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo bei ya kuingia itashuka mpaka sifuri, na ikifika sifuri anayebaki kwenye foleni sio mwenye kipaji zaidi, ni mwenye mtu wa kumlipia kodi ya nyumba New York akifanya saa hamsini kwa wiki bila senti. Huyo ndiye baadaye anapanda anakuwa prodyuza, anachagua hadithi zipi zitengenezwe. Footman angesamehe mshahara wake peke yake, sawa, ila akisamehe yeye anaishusha bei ya yule PA ambaye hana pa kusamehea.

Hukumu ya Pauley ilitikisa. Condé Nast, wachapishaji wa majarida, wakashtakiwa siku chache tu baadaye, na Oktoba 2013 wakafuta kabisa programu yao ya maintani. Kampuni moja baada ya nyingine za habari na burudani zikaanza kumalizana nje ya mahakama, NBCUniversal kwa dola milioni 6.4 na Condé Nast milioni 5.8 mwaka 2014, Viacom milioni 7.2 na Warner Music milioni 4.2 mwaka 2015. Kampuni nyingi zikaanza kulipa maintani wao kimyakimya. Angalia lakini kilichowasukuma. Hazikuwa zimeshindwa hizo, ziliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya Glatt mmoja na madai yake ya elfu chache, ilikuwa ya kesi ya kundi.

Fox walikuwa wamekata rufaa, na Julai 2015 mahakama ya rufaa ikatoa jibu, aliyeandika ni Jaji John Walker. Masharti sita ya wizara wakayaweka pembeni, wakasema ni magumu mno na hawafungwi nayo. Wakaleta swali lao: kati ya intani na mwajiri, nani hasa anayefaidika zaidi? Kulijibu unaangalia vitu kama saba, wote walielewa hakuna malipo au la, mafunzo yanafanana na ya darasani kiasi gani, intanshipu imeungwa na masomo au krediti za chuo (zile pointi za masomo unazokusanya mpaka upate digrii), inafuata kalenda ya chuo, inaishia pale kujifunza kunapoishia, inasaidia kazi ya wanaolipwa au inawaondoa, na kama kulikuwa na ahadi ya ajira. Hakuna kimoja kinachoamua peke yake, unapima vyote kwa pamoja.

Watu wanasema hapo Fox walishinda. Sio sahihi, mahakama haikusema Glatt na Footman sio waajiriwa, ilifuta hukumu ya chini ikairudisha ipimwe upya kwa kipimo kipya. Lakini pale ilipogusa kundi ndipo ilipoua, maana ukishasema kila intani apimwe kivyake, alijifunza nini, chuo chake kilimpa nini, basi ni vigumu sana kuwaunganisha mamia wakawa kesi moja. Na mtu mmoja anayedai dola elfu chache hapati wakili kirahisi, na akipata, anaanza safari yake kwenye tasnia ambayo ajira zinapatikana kwa mtu kumpigia mtu simu "huyu ni mzuri?" akiwa na jina la yule aliyeishtaki studio. Ndio maana nikasema Glatt hakuwa kijana wa kutoka chuo juzi. Aliyekuwa na kazi nyingine kabla ya hii ndiye aliyeweza kuthubutu, na baadaye alikwenda zake kusoma sheria.

Kwa upande wangu swali la rufaa nalielewa ila naona limeulizwa kwa mtu asiye sahihi. Linaangalia mwanafunzi kapata nini, wakati sheria ya mishahara siku zote imeangalia kazi. Kuna sehemu linafaa, mwanafunzi wa udaktari kwenye kliniki hatakiwi kuhesabiwa kama mfanyakazi kwa sababu tu kamshika mgonjwa mkono, chuo kinamtaka awe pale na bila hapo hamalizi. Kwenye filamu je? Kukaa pembeni ya mhariri wiki tatu ukimwangalia anavyokata sini, anakueleza kwa nini kakata hapa na sio pale, anachelewa kumaliza kazi yake kwa sababu yako, hiyo ndio intanshipu na mimi sina shida ikiwa ya bure. Kujaza karatasi za manunuzi saa kumi kwa siku unajifunza pia, nakubali, unajifunza siku nne za kwanza, halafu wiki kumi zinazobaki unawafanyia kazi.

Mwaka 2016 wakamalizana. Glatt akapata dola 7,500. Maintani wa kundi dola 495 kila mmoja anayestahili. Mawakili dola 260,000, baada ya karibu miaka mitano ya kazi.

Nimejaribu kupiga hesabu ya haraka ya Glatt. Saa hamsini kwa wiki kwa 7.25, na zile kumi zinazozidi arobaini zikihesabiwa moja na nusu, ni kama dola 399 kwa wiki. Wiki kumi na mbili za uhasibu inakuja 4,800 hivi. Siku mbili kwa wiki za kipindi cha pili, tuseme saa kumi na tano, ni kama dola 109, mara wiki ishirini na kitu, unaongeza 2,400 hivi. Jumla inacheza kwenye 7,200. Yaani baada ya kushinda, kufutiwa, kurudishwa na kusubiri, alilipwa karibu sawasawa na kima cha chini ambacho angelipwa mwanzoni, bila kuhesabu kwamba sheria inaruhusu mahakama imwongezee kiasi kilekile juu kama fidia. Na ile 495 ya wengine ni saa sitini na nane, hata wiki mbili kamili haifiki.

Januari 2018 Wizara ya Kazi ikaacha masharti yake sita ikachukua kipimo cha rufaa nchi nzima. Kinachonishangaza ni nani kipimo hicho kinamlinda. Glatt na Footman walikuwa wameshamaliza digrii zao, hakuna krediti ya chuo, hakuna kalenda ya masomo, kazi zinafanana na za PA, kwa hiyo mtu kama wao akienda mahakamani leo peke yake nadhani ana nafasi nzuri tu. Anayekwama ni mwanafunzi aliye bado chuoni. Ndio maana matangazo mengi ya intanshipu za bure kule siku hizi yana sharti moja la lazima, ulete uthibitisho kwamba chuo kitakupa krediti. Na krediti kwenye vyuo vingi vya Marekani inalipiwa ada, kwa hiyo kuna mwanafunzi hivi sasa anatoa kopi kwenye ofisi ya prodaksheni, hapokei kitu, na ada ya hizo saa za kutoa kopi kailipa yeye.